Ubao wa Shingoni

Binti yangu ni muuguzi Dublin, na kwa miaka mingi alikuwa akiniomba niende kumwona. Nilipostaafu ualimu nikakosa kisingizio. Nikamwambia nitakuja, lakini sitaki kufungiwa ndani nikitazama televisheni huku yeye yuko kazini. Nataka kuiona nchi. Akachukua likizo, akatuandikisha sote wawili katika safari ya siku nane ya kikundi kidogo: Dublin, Kilkenny, Cork, Galway, pamoja na kiongozi wa kutueleza kila jiwe lilifikaje pale lilipo.

Alidhani nimefuata majumba na makanisa. Sikumwambia nilichofuata. Nilikuwa nimekwenda kumwomba mwanangu msamaha, na sikujua nianzie wapi.

Kosa lenyewe lina miaka thelathini. Katika shule yetu upande wa Kathiani, kwetu Ukambani nchini Kenya, Kikamba kilipigwa marufuku mtu akishavuka lango. Aliyeteleza akasema hata neno moja alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye uzi. Tulikiita diski, ingawa hakikuwa duara wala hakikutoa muziki wowote. Mwenye kukivaa alizunguka nacho mchana kutwa akimvizia mwenzake ateleze, amvishe, naye awe huru. Aliyekutwa nacho kwenye paredi ya jioni ndiye aliyechapwa. Si mimi niliyeibuni hiyo diski. Nilipokuwa msichana niliivaa mwenyewe, kwa mkono wa mtawa kutoka Ayalandi aliyetufundisha Kiingereza, mama aliyetupenda sisi na kuichukia lugha yetu kwa moyo uleule mmoja. Nilipoanza kazi niliikuta imening'inia kwenye msumari katika ofisi ya walimu, na sikuuliza swali. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyosema, na tukawakunja kwelikweli.

Binti yangu alikuwa darasa la tano, na darasa hilo lilikuwa langu. Asubuhi moja hesabu ilimshinda. Akainua mkono, na badala ya kusema mwalimu akasema, "Mwaitu." Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Darasa zima likacheka. Mimi nikachukua diski nikamvisha mbele ya wenzake, wasije wakasema napendelea wangu. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwa haki niliyotenda.

Tangu siku ile hakuniita Mwaitu tena. Shuleni aliniita mwalimu, na nyumbani aliniita mwalimu. Nilingoja ipite, kama homa ya mtoto inavyopita. Haikupita. Na Kikamba nacho alikivua polepole, mpaka tukabaki kuongea Kiswahili, mimi na mtoto niliyemzaa, lugha ambayo watu wa kwetu hutumia na wageni. Sasa ana miaka arobaini na ananipigia simu kila Jumapili. "Mwalimu, umekula?" Mtu akisikia atadhani ni mwanafunzi wangu wa zamani mwenye adabu.

Basi tukaanza safari. Tulikuwa kumi na mmoja, wengi wao Wamarekani waliokuwa wakitafuta majina ya mababu wa babu zao kwenye mawe ya makaburi. Kiongozi wetu alikuwa bwana mrefu mwenye mwavuli mwekundu, ambao aliuinua juu kila tulipotakiwa kumfuata. Mimi ni mwalimu, siwezi kuona msafara nikanyamaza. Siku ya pili nilikuwa nimeshaanza kuwahesabu watu mlangoni mwa basi kabla yake, na Mmarekani mmoja aliyependa kuchelewa alikuwa ameshanijua.

Kulikuwa na mambo ya kuchekesha. Mara ya kwanza kiongozi aliposema tukutane saa tisa, ile "three" ya Kiingereza ilimtoka kama "tree", yaani mti. Nikashtuka. Hivyo ndivyo mtawa wetu alivyotufundisha, nami nikawafundisha hivyo watoto wa Kathiani miaka yote. Mkaguzi mmoja kutoka Machakos aliwahi kunisema mbele ya darasa kwamba ulimi wangu umeharibiwa na Kikamba. Kumbe Kikamba hakikuwa na hatia yoyote! Nilicheka peke yangu mpaka binti yangu akaniuliza kama niko salama.

Na mvua. Ilinyesha kila siku, nyembamba, isiyo na haraka, na kila siku wenzangu waliilalamikia. Mimi nilishindwa. Nimetoka mahali ambapo watu hufunga na kuomba ili ipatikane robo ya hiyo. Kila ilipoanza nilijikuta nasema asante kwa sauti, na siku ya nne Mjerumani mmoja wa kikundi chetu akaanza kuitikia amina.

Dublin, kando ya mto, tulisimama mbele ya sanamu za watu wa shaba waliokonda, wamebeba vifurushi, wakielekea melini. Kiongozi alitueleza njaa iliyowapata viazi vilipooza mashambani. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilimtazama yule wa nyuma aliyembeba mwingine mabegani, nikamkumbuka bibi yangu. Kwetu kila njaa ina jina lake, na wazee hukadiria umri wa mtu kwa njaa aliyozaliwa nayo. Nilitaka kumweleza binti yangu hayo, lakini majina ya njaa ni ya Kikamba, na kwa Kiswahili hayana uzito. Kutwa nzima nilikuwa na maneno ya namna hiyo, yanafika mdomoni halafu yanakosa mlango.

Hivyo siku zikaenda. Kilkenny nilisema nitazungumza naye kanisani, kukawa na harusi. Cork nilisema tukikaa kula, akaja mtu wa kutuuliza kama tunatoka nchi ya wakimbiaji. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nimewatisha watoto wa watu maisha yangu yote, na sasa namwogopa mmoja, tena wangu.

Siku ya saba, tukiwa njiani kuelekea Galway, kiongozi alitusimamisha kwenye mji mdogo wenye makumbusho ya chumba kimoja. Kulikuwa na majembe, sufuria, gurudumu la kusokotea sufu. Kisha akatuita kwenye kabati la kioo kulikokuwa na kijiti kifupi chenye uzi, kimekatwakatwa alama pembeni.

Akasema zamani watoto wa hapo walivishwa kijiti kama hicho shingoni. Kila mtoto aliposema neno la Kiayalandi, alama ilikatwa. Jioni mwalimu alihesabu alama, na mtoto akachapwa kwa idadi yake. Alisema mara nyingi wazazi wenyewe ndio waliokata, maana walitaka watoto wapate Kiingereza, wapate na mkate. Yeye mwenyewe, alisema, lugha ya mababu zake alijifunza ukubwani, kama mtu anavyojifunza kuendesha gari.

Mama mmoja wa Kimarekani akashika kifua. "Ni mtu wa aina gani angemfanyia mtoto hivyo?"

"Walimu," kiongozi akajibu. "Tena walimu wazuri."

Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba binti yangu ameacha kupumua. Mimi nilikuwa nakitazama kile kijiti na kumfikiria yule mtawa. Walivishwa wao kwanza, halafu mjukuu wao akavuka bahari akaja kunivisha mimi, nami nikamvisha mwanangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, mvua ikininyeshea, na safari hii sikusema asante.

Binti yangu akanifuata na chai kwenye kikombe cha karatasi. "Mwalimu, shika. Uko na baridi."

Nikasema pale pale. Nilisema vibaya, nikirukaruka, kama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani. Nikamkumbusha hesabu ile, darasa lilivyocheka, diski. Nikamwambia kwamba nilimnyang'anya neno lake, kwamba nimelingoja miaka thelathini, na kwamba namwomba anisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Unafikiri ni hiyo?"

"Kuna nini tena?"

"Ile siku, diski ililala na nani?"

Sikujua. Ningejuaje? Miaka thelathini ya paredi, nani anawakumbuka wote?

"Ni yule tulikuwa tunakaa na yeye dawati moja," alisema. "Nilizunguka siku mzima na hakuna mtu aliteleza. Walikuwa wananiogopa juu mimi ni mtoto wako. Kengele ya paredi ikakaribia. Nikamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa na viatu, yeye hakuwa. Nikamkanyaga na kisigino, kwa nguvu. Akalia, 'Ayii, Mwaitu!' Basi. Nikatoa diski nikamvisha."

Alikuwa akilia sasa, na sauti yake imekuwa ya kitoto.

"Na wewe ndio ulikuwa zamu, mwalimu. Wewe ndio ulimchapa. Alikuwa ananiangalia mimi, hakuwa anakuangalia wewe. Wiki iliyofuata hakurudi shule. Sasa mimi ningekuita aje na hilo neno? Kila nikitaka kulisema nasikia vile alilia."

Nilikaa na chai yangu mkononi. Nilikuwa nimemletea mwanangu msamaha niliouandaa vizuri, nikidhani jeraha lake nalijua. Kumbe miaka yote hiyo jeraha lilikuwa la mtoto mwingine, na fimbo ilikuwa yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata kanisani.

"Yule msichana namjua," nikamwambia mwishowe. "Anauza avokado sokoni Kathiani. Kila siku ya soko nanunua kwake. Huwa anakuulizia."

"Ananiulizia mimi?"

"Kila mara. Husema, rafiki yangu wa Ulaya hajambo?"

Akajifunika uso kwa mikono. "Mwambie basi. Ukifika nyumbani, mwambie vile ilikuwa."

"Mwambie mwenyewe. Nitampigia simu sasa hivi, yeye ni mtu wa kushika simu upesi."

"Nimwambie na lugha gani?" akaniuliza.

Kiongozi alikuwa mlangoni mwa basi ameinua mwavuli, akitafuta watu wawili waliopungua katika hesabu yake.

Tulimaliza safari. Galway ni mji mzuri, una wapiga muziki barabarani, lakini kama utaniuliza nilichokiona huko sitakueleza mengi. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniambia, "Usisahau kumwambia." Nami nikamwahidi.

Sikungoja wiki ya pili. Siku ya soko ya kwanza nilivaa gauni langu la Jumapili nikashuka Kathiani. Nilimkuta mahali pake, amepanga avokado zake mafungumafungu juu ya gunia, anazifuta moja moja kwa kitambaa.

"Mwalimu! Ulikuwa umepotea," akasema, akafuta kigoda nikae. "Rafiki yangu hajambo?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kikamba, maana jambo la namna hiyo ukilisema kwa lugha nyingine linakuwa taarifa ya habari. Nikamwambia habari za mguu uliokanyagwa makusudi, nikamwambia binti yangu analia mpaka leo, kisha nikaja kwenye fimbo. Nikasema kwamba ni mimi niliyemchapa mtoto aliyemwita mama yake kwa sababu ameumia, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa ajili yetu sote wawili.

Alinisikiliza huku mkono ukiendelea kufuta avokado ileile. Akanijibu kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka yote nikinunua kwake. Anaongea Kikamba na kila mtu pale sokoni. Na mimi hajawahi, hata neno moja.

"Mwambie asilie," akasema. "Tulikuwa watoto. Hata mimi ningemkanyaga. Lakini wewe, mwalimu, usiniombe msamaha. Wacha nikuambie. Watoto wangu wote hawaongei Kikamba. Nilikataa kabisa. Hata mama yangu nilimwambia, ukitaka kuongea na hawa watoto ongea Kiswahili, na kama hujui, nyamaza. Na alinyamaza, mpaka Mungu akamchukua. Huyo mkubwa sasa ako ofisi Syokimau, ukimsikia na Kiingereza utafikiri ni wewe. Ile fimbo ndio ilinifungua macho. Ningejua wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie hapana, usinishukuru, tafadhali. Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu.

"Asante sana, mwalimu," akasema. Akanichagulia fungu lililokuwa zuri kuliko yote, akalitia kwenye kikapu changu, kisha akaniongezea moja juu.