Machela ya Wenye Uchungu Tu

Miaka ya tisini nilikuwa bibi maendeleo huko Mtwara vijijini, mtu wa bara niliyeletwa pwani na ajira ya serikali, na nilikuwa na ugonjwa wa karatasi za manila. Mkutano usioacha karatasi ukutani niliuona umbea mtupu. Katika kijiji kimoja kupita Mpapura tulikaa mara nne kuzungumzia kina mama wanaofia njiani wakipelekwa zahanati kujifungua. Wanaume mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma kwenye mikeka. Waliongea, nikaandika, na ajabu ni kwamba safari hii kitu kikafanyika kweli. Walitengeneza machela ya mianzi na turubai, wakapanga zamu za wabebaji, wakaikabidhi kwa mjumbe wa nyumba kumi. Ofisini nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Msimu wa korosho nikarudi, nikaikuta machela shambani imebebeshwa magunia. Nilipandwa na hasira. Niliitisha mkutano siku ileile, nikamgombeza mjumbe mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: MACHELA NI YA MAMA MWENYE UCHUNGU TU. Nikamwambia asiitoe kwa jambo lingine lolote, aje nani aje nani.

"Tumesikia, bibi maendeleo," wakasema wanaume.

Kwenye mikeka, kimya. Katika ripoti niliandika kwamba wanakijiji wote wamekubali.

Nisilolijua, kwa kuwa sikuuliza, ni kwamba pale kijijini mwanamke hatamki habari za uzazi mbele ya mume wa binti yake. Hata njiani hupishana kwa mbali, mama kajifunika kanga usoni. Mjumbe alikuwa ameoa binti mkubwa wa mama mmoja mjane. Binti mdogo wa mama huyohuyo alikuwa mjamzito, na mumewe alikuwa amevukia Kilambo kwenda kutafuta kazi Msumbiji.

Asubuhi moja uchungu ukamshika yule mdogo. Mama akaenda kwa mjumbe akitegemea kumkuta binti yake mkubwa, ili yeye ndiye amwambie mumewe. Binti alikuwa ameshaondoka kuokota korosho. Mama akasimama nje ya uzio, akageuza uso pembeni.

"Shemeji yako anaumwa. Naomba ile machela."

"Anaumwa nini, mama?"

"Tumbo."

Mjumbe alijua shemeji yake ana mimba. Lakini neno lililoandikwa hakulisikia, na aibu niliyompa mkutanoni ilikuwa bado mbichi.

"Nisamehe, mama. Machela ni ya uchungu tu, bibi maendeleo kakataza. Mshikeni mkono, mwende naye polepole."

Jirani aliyenisimulia haya anasema mama alibaki amesimama pale kwa muda mrefu, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Kisha akarudi kwake. Jua likiwa utosini, jirani huyo ndiye aliyekimbia kwa mjumbe na kulitaja neno lenyewe. Wabebaji wakaja mbio, na kweli walikimbia. Lakini damu ilikuwa imeshatoka nyingi mno. Alifia njiani, mtoto akiwa bado tumboni.

Mimi nilipata habari mjini, nikafika siku ya tatu ya msiba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mjumbe alikuwa amekaa upande wa wanaume, macho mekundu. Aliponiona akanyanyuka, akanivuta pembeni.

"Nimekosea wapi, bibi maendeleo? Niambie. Nilifuata ulivyosema, au sikufuata?"

"Ulifuata," nikasema.

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Aliniomba kitu kimoja tu: yeye hawezi kumsogelea mama mkwe wake, basi nimfikishie mimi maneno yake, kwamba anaomba radhi.

Nikavuka uwanja. Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, kanga begani. Nilipiga magoti nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Mikutano yote ile nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake.

"Mwambie hana kosa," akasema. "Kafanya kama mlivyokubaliana."

Nilirudi upande wa wanaume nikamfikishia mjumbe salamu zake: mama anasema huna kosa, umefanya kama tulivyokubaliana. Mjumbe akafunika uso kwa mikono miwili, akalia. Mama hakusema "tulivyokubaliana." Hata siku ile, mbele ya kaburi bichi la mwanawe, neno lake nililibadilisha.