Mbuzi wa Mvua ya Kwanza

Sisi tuliokulia mtaa wa Hewa Bora, kusini ya Katanga, enzi zile hatukuhitaji simu kutuambia mvua inakaribia. Mwisho wa kiangazi vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye mashuka, mijakaranda ya mjini imemwaga maua, na midomo yetu watoto imepasuka. Tuliruka kamba mpaka mama zetu watuite kwa hasira. Maembe mabichi tulikula na chumvi na pilipili, tumbo likauma, kesho yake tukarudia. Watoto wa siku hizi tumbo likiwauma wanatafuta kwanza kwenye simu ugonjwa unaitwaje.

Na Jumamosi tulikuwa na katekisimu. Mkatekista wetu, Papa Anselme, alitufundisha maswali na majibu kwa kuimba, namna ileile tulivyofundishwa hesabu za kuzidisha shuleni. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kirefu na kilichonyooka, tofauti kabisa na kile tulichotumia kugombania mpira barabarani. Mimi, Régine, nilikuwa bingwa. Neema itakasayo, fumbo la Utatu, uwepo wa Mungu mahali pote: uliza tu, namimina bila kuvuta pumzi. Papa, yaani baba yangu, fundi wa reli ambaye wazee wake walitoka kaskazini ya Katanga, alinisimamisha mbele ya wageni nitoe majibu wakati bukari, ugali wetu, inapoa mezani. Wageni walipiga makofi huku macho yao yakiwa kwenye sahani.

Siku moja nkambo, mama yake papa aliyeishi nasi, alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, nami nakariri pembeni yake. Akaniuliza: "Ile yote unasema, weye unaisikiaka mu roho?"

Nikatafuta ndani yangu, sikukuta kitu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na uchungu ambao sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba Mungu alinipa ulimi tu, na kwamba kile chenyewe alikuwa amewapa wengine.

Mwaka huohuo parokia ikaandaa mashindano ya katekisimu kati ya mitaa. Mfanyabiashara mmoja muumini alileta mbuzi kutoka kijiji cha Kasomeno awe zawadi, na mbuzi huyo akafungwa uani kwa kanisa ambapo kila mtu alimwona. Mtaa mzima ukaanza kuniheshimu. Wamama ambao hawakunijua hata jina walinipa karanga njiani. Papa akanizuia ndani na kitabu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, mvua ya kwanza ikashuka. Kwanza harufu, ile harufu ya udongo ambayo wenzangu mnaijua, halafu matone makubwa kwenye mabati, halafu kelele za watoto mtaa wote. Wamama walitoa mabeseni nje. Nikasimama dirishani na kitabu mkononi, machozi yananitoka.

"Régine, soma!" papa akasema.

"Muache mutoto," nkambo akamjibu. "Kitabu haitakimbia."

Sikungoja wamalizane. Nilitoka mbio, nikapiga kelele na wenzangu, nikateleza kwenye matope, nikainuka. Halafu nikasimama, uso juu, sijui kwa nini. Na hapo, katikati ya kelele zote zile, nikajua kwamba niko mbele ya Mtu, na kwamba Mtu huyo ananijua na anafurahi kuniona. Ni hayo tu ninayoweza kusema, na hata hayo hayatoshi. Nilijaribu kutafuta jina lake katika majibu yangu yote, yale mazuri niliyoyakariri, na hakuna hata moja lililotoka. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wengine walishindwa mapema, tukabaki wawili, mimi na Dieudonné, mvulana wa mtaa wa pili mwenye viatu vyeupe. Papa Anselme aliuliza mpaka maswali yakaisha kitabuni, na hakuna aliyekosea. Ndipo padri wetu mzee, ambaye tulidhani anasinzia, akainua mkono.

"Munasema Mungu iko kila mahali," alisema. "Ninyi benyewe, mulimukuta wapi?"

Dieudonné akajibu haraka kwa mistari ya Biblia, sura na aya, akapigiwa makofi mengi. Zamu yangu ikafika, nikawatazama watu wetu. Nilimwona papa anatazama viatu vyake, na mtaa wote wa Hewa Bora ukamkumbuka mbuzi.

"Jana," nikasema. "Mu mvula."

Mtu mmoja akacheka. Papa Anselme akasimama: "Mon père, ile jibu haiko mu kitabu!"

"Najua," padri akasema, kisha akanigeukia. "Ilikuwa namna gani, mwanangu?"

"Siyue kusema, mon père. Lakini nilikuwa mule."

Mama mmoja nyuma akapiga vigelegele, na mwingine akamfuata, maana nao jana walikuwa nje na mabeseni yao. Papa Anselme mwenyewe akafuta miwani yake, akakaa. Padri akasema: "Mbuzi iende Hewa Bora." Tulirudi tukiimba barabara nzima, mbuzi mbele, mimi mabegani mwa papa, na jioni tukamwita Dieudonné na wenzake tule wote.

Leo nina wajukuu. Kila asubuhi simu yangu inaletewa mistari mitakatifu iliyopambwa maua, na vipaza sauti vya makanisa havinyamazi mpaka jioni. Maneno wanayo mengi kuliko mimi niliyekuwa bingwa. Mwaka huu mvua ya kwanza ilipokuja, mjukuu wangu Gloria alisimama barazani akiirekodi ili awaoneshe rafiki zake. Nikamnyang'anya simu, nikaiweka kitini, nikamsukuma nje.

"Nkambo, nguo zangu!"

Alilalamika kidogo. Halafu akasimama pale uani, uso juu, muda mrefu. Aliporudi akiwa amelowa, mama yake akamuuliza kulikuwa na nini huko. Gloria akafungua mdomo, akaufunga, akacheka.

Nikapiga vigelegele peke yangu pale barazani. Ningekuwa na mbuzi, ningempa palepale.