Fito Zilizolala

Kwa miaka ishirini na mbili Mzee Fito alifanya kazi moja tu: kupima jinsi barafu ya mlima inavyokonda. Huko juu mvua haina adabu. Inanyesha usipoitaka, na ukiitaka inanyesha zaidi. Nguo hazikauki, kiberiti unalala nacho kifuani. Kila mwezi alipanda, akapima fito sita alizozichimbia kwenye barafu zimetokeza kiasi gani, akaandika daftarini. Ndipo jina la Fito lilipomganda. Bintiye, msimamizi wa ujenzi wa daraja kule bondeni, alimtania kwamba ana mke wa pili, tena wa baridi.

Sasa, mwezi uliopita ukungu uliziba njia na magoti yakagoma. Mzee akakaa zake kibandani, akawasha jiko, akaandika: sentimita arobaini. Nani angejua?

Asubuhi hii alipanda tena mpaka juu. Fito zote sita zilikuwa zimelala. Ufito uliozamishwa mita mbili hauanguki mpaka barafu iliyoushika iishe yote. Na bwawa la maji ya kuyeyuka, lililo mbele ya barafu, lilikuwa limeshapita alama nyekundu aliyoipaka mwenyewe jiweni, huku ukingo wa changarawe unaolizuia ukivuja kila mahali. Bondeni, mafundi thelathini walikuwa wamesimama mtoni, bintiye katikati yao.

Akaishika redio ya upepo. "Ofisi, watoeni watu mtoni. Fito zimeanguka zote, na bwawa linavuja."

Mhandisi alijibu polepole, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai. "Mzee wangu, kwa hesabu yako ya mwezi uliopita, zaidi ya mita moja na nusu ya kila ufito ilikuwa bado imo ndani ya barafu. Haiwezi kuisha kwa mwezi mmoja. Ukungu umekupoteza, umekuta fito za zamani na bwawa lingine. Hebu zitafute zenyewe, upime, kisha tuzungumze. Kusimamisha kazi si mchezo."

"Sijapotea."

"Basi ile arobaini ilitoka wapi?"

Haya sasa. Ofisi nzima ilimtaja kuwa mtu wa kuaminika, na kila mwenye redio alikuwa akisikia, binti akiwemo. Kokoto zikaporomoka ukingoni.

"Niliitunga," alisema. "Magoti yaliniuma, sikupanda, nikaitunga."

Kisha ikaja sauti ya binti, kavu: "Wote tokeni majini. Acheni vifaa. Sasa hivi."

Saa sita mchana ukingo uliachia. Maji yalibeba nguzo za daraja, mashine ya zege na viatu vya watu waliokimbia peku. Mtu hayakumpata hata mmoja.

Jioni binti alipanda mpaka kibandani, matope kiunoni. Mzee alitarajia kukumbatiwa, au angalau kufokewa. Hakupata hata kimoja. Binti alilitoa daftari rafuni, akaliweka mezani mbele yake, na kalamu juu yake.

"Baba, ni mwezi huo mmoja tu?"

Mzee aliyatazama magoti yake. Halafu akaichukua kalamu, akaanza kuzungushia miezi duara. Alipofika wa saba, binti alivuta kigoda akaketi. Mzee akafungua ukurasa mwingine.