Nafasi Niliyompa Binti Yangu

Mwaka 2017 binti yangu alikuwa darasa la mwisho la sekondari, na mimi nilikuwa na mdomo. Nilishona nguo katika chumba chetu cha ugenini, mtaa wa Joubert Park, miguu kwenye cherehani na macho mlangoni. Akichelewa kurudi kutoka kwa yule kijana wake wa Turffontein, nilianza kumgombeza akiwa bado kwenye ngazi, ili na jirani zetu Warundi wapate sehemu yao. Kesho yake alichelewa zaidi, na wikiendi nyingine hakulala nyumbani kabisa. Kila nilipopiga kelele alisogea mbali kidogo, na niliogopa kwamba siku moja atasogea moja kwa moja.

Zipu na nyuzi nilinunua Marshalltown, kwa mzee mmoja Myahudi aliyerithi duka la vifaa vya ushonaji kutoka kwa baba yake. Ijumaa alifunga mapema kwa ajili ya Sabato. Ijumaa moja aliona ninavyochambua vifungo kwa hasira, akaniuliza ni nani amenikosea. Nikamweleza.

Alisema kwamba katika mafundisho ya siri ya dini yao, mwanzoni Mungu alijaza kila mahali, pasiwe na pa kuweka kitu kingine. Alipotaka kuumba dunia ilimbidi kwanza ajikunje, arudi nyuma, ili ipatikane nafasi. Mtu mwenye hasira naye hujaza chumba kizima, mwenzake akakosa pa kusimama. Kujizuia ni kujikunja. Tena wazee wao waliona kukasirika ni sawa na kuabudu sanamu. Hilo lilinichoma, maana mimi ni mtu wa kanisa na habari za sanamu sitaki kuzisikia. Alikuwa ameinua kidole aongeze jambo, lakini mimi nilishachukua zipu zangu nikaondoka.

Nikaanza kujikunja. Si mchezo. Binti aliingia saa anazotaka, nami nikamwekea sahani mezani na kurudi kwenye cherehani, maneno yakinipanda kooni kama kiungulia. Sikumwuliza alikotoka. Sikumwuliza habari za mitihani. Mume wangu, mlinzi wa jengo moja mjini, alishangaa.

"Mama, siku hizi nyumba imetulia. Njo maombi imeleta hii?"

Nilijiona nimeokoka mara ya pili. Binti alikuwa akinitazama kwa pembeni, nami nikadhani anafurahia uhuru wake.

Jumamosi moja mchana nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. Mikono ilitaka kumnyang'anya lile begi na kulitupa chini ya kitanda, lakini nilisogea kando ya mlango nikampisha. Alisimama pale na begi lake, akiniangalia usoni, kwa muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuaga. Kisha akateremka ngazi. Nililia nimeshika kitasa, na hata kilio nilikizuia.

Jumatatu nilirudi dukani kumlaumu yule mzee. Nilimkuta anamfokea mtu kwenye simu, uso mwekundu, mate yanaruka. Alipokata akasikiliza habari yangu, akaketi juu ya boksi.

"Hukungoja mwisho wake," akasema.

Mungu hakuondoka kabisa, akaeleza. Pale alipojikunja ilibaki alama yake, kama harufu inavyobaki kwenye chupa ya manukato iliyomiminwa. Nikamwuliza harufu hiyo inaachwaje kati ya mama na mtoto. Akasema hajui. Mwanawe yuko ng'ambo na hawazungumzi. Kisha akanipimia lastiki ambayo sikuiomba, na hakutaka nimlipe.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikwenda Turffontein. Yule kijana alikuwa kazini. Niliketi jikoni, sinki limejaa vyombo vichafu, nikamwuliza binti kwa nini ametuacha. Alinijibu kwa Kizulu, kama kawaida yake, maana Kiswahili anakisikia tu, kukisema hataki. Alisema ni mimi niliyemwacha yeye. Kwetu Bukavu mama hamfukuzi mtoto. Anaacha kumgombeza, basi, na ukoo mzima unaelewa kwamba huyo si wake tena. Hayo nilimsimulia mwenyewe alipokuwa mdogo, ili kumtisha. Siku ile mlangoni, akasema, alikuwa anangoja nimzuie, hata kwa kibao.

Kisha nikafungua mdomo.

"Na hivi vyombo? Unaishi na panya? Na hii kichwa, ni nani alikusuka hivi? Masomo umetupa, njo kwa hii nilikuzalaka?"

Sikubakisha kitu. Niligombeza pazia, niligombeza sufuria, nilimgombeza yule kijana ambaye hakuwepo. Binti aliosha vyombo, machozi yakimtoka, na nikaona anatabasamu. Alinipikia chai. Nilipokohoa ili nianze upya, alicheka.

Jioni alinisindikiza hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, amenishika mkono kama zamani nilipokuwa namvusha barabara. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ilinidanganya. Teksi iliposimama nilimwambia dereva tuko wawili.

Binti akauachia mkono wangu taratibu.

"Ni mmoja," akamwambia dereva, kisha akanifungia mlango.