Saki kumi za kweli

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya depo moja ya maharagi hapa Goma, mguu haunitulii, nataka kilo zangu tano niende. Lakini mwenye depo alikuwa anawauliza kwanza mama wauzaji: kila mmoja atahitaji saki, yaani magunia, ngapi juma lijalo? Akishaandika majibu, anapiga simu Kiwanja, mji wa wakulima wanaomletea maharagi, kuagiza.

Walijibu bila kupepesa macho. Mmoja tu, aliyekuwa mgeni pale, alihesabu kwanza kwa vidole.

"Kumi, papa."

"Naandika tano."

"Juu ya nini? Wateja wangu ni ba saki kumi!"

"Mama, kila mutu hapa anaongezaka. Mi nakata nusu, njo tunafika ku kweli."

"Lakini mi siongeze!"

"Njo vile bote banasemaka."

Mama wa nyuma akamvuta kitenge. "Dada, sema makumi mbili."

Mgeni akatazama chini. "Basi, papa, andika makumi mbili."

Mwenye depo akafuta tano, akaandika kumi, akatabasamu. "Sasa tunaelewana."

Kisha akapiga simu. Jumla daftarini ilikuwa mia moja. Nilimsikia akipaza sauti: "Mia mbili!" Akafunika simu, akanikonyeza: "Na kule banakataka."

Zamu yangu ikafika, na mdomo ukanitangulia: "Kilo kumi."

Akapima kumi zote.

Tangu Jumatatu tunakula maharagi asubuhi na jioni. Kwa saki zile mia mbili, Kiwanja watasema Goma ina njaa.