Gumba Zito na Daftari la Nyangezi

Siku yangu ya kwanza kwa Profesa nilivaa kitenge kipya, nikakaa mbele ya kompyuta, na mashini ikanitolea alama ambazo sijawahi kuziona tangu nizaliwe. Mimi, Nsimire, daktilo, mpiga chapa wa kweli! Nilikuwa nimetoka sekretarieti ya hospitali kule Katana, ambako Sista Directrice alinifundisha kupiga mashini kwa vidole kumi, macho yamefungwa kitambaa. "Mutoto, vidole viko na macho yao," alikuwa akisema. Sasa niko Bukavu, ukungu wa ziwa unaingia dirishani, na vidole vyangu ni vipofu. Nikajiambia: leo nimepatikana.

Profesa alikuwa Mjapani, mtafiti wa mimea. Miaka na miaka alizunguka vijiji vyetu akijaza daftari kwa penseli, mbio mbio, kwa kana, yaani zile alama zao ambazo kila moja ni silabi: ka, ki, ku, ke, ko. Macho yake yalikuwa yanazimika pole pole, na mwandiko wake hata wenzake kwao walishindwa kuusoma. Kwa hiyo yeye asome kwa sauti, mimi nipige, tumalize daftari zote kabla macho hayajaisha. Kazi ilikuwa hiyo.

"Lakini Professeur, miye sijue Kijapani."

"Weye sikia tu, Maman. Silabi zetu na zenu ni ndugu."

Na kweli, zilinikaa masikioni bila taabu. Taabu ilikuwa vidoleni. Ninyi mnaoandika kwa simu na kidole kimoja, sikilizeni. Klavye yetu, ule ubao wa vitufe, ilikuwa ya Kifaransa, ile ya kila ofisi, na Profesa aliitilia programu ya kugeuza vitufe. Alama za kana ni nyingi, vitufe havitoshi, basi kila kitufe kilibeba silabi mbili. Ukikipiga peke yake unapata ya kwanza. Ukikipiga pamoja na kitufe cha kidole gumba, kule chini, unapata ya pili. Pamoja, nasema, kwa pigo moja! Gumba likichelewa, inatoka silabi ingine na mmea umebadilika jina.

Gumba langu la kushoto ni zito tangu utoto. Mama yangu, kule kijijini kwetu Nyangezi, alilipiga kwa mwiko nikichokoza chungu cha maharage, na halikupona vizuri. Lilichelewa kila mara. Nililia pale ofisini, siwafichi. Profesa akafungua programu, mahali panapopangwa mashini isubiri gumba kwa muda gani, akaongeza.

"Mashini itangoja Maman," akasema. "Maman hatakimbilia mashini."

Asubuhi zile, jamani! Yeye anasoma, mimi napiga, ziwa linang'aa kule chini, na maneno yananipitia kama wimbo wa kanisani mtu akiwa nusu usingizini. Sikuelewa kitu, na nilikuwa na furaha. Kidogo kidogo nikazizoea alama kwenye kioo, halafu hata mwandiko wake, maana daftari lilikaa katikati yetu. Sikumwambia. Niliona aibu, daktilo kujifanya msomi.

Tulikuwa tumeanza daftari la mwisho aliponyamaza katikati ya mstari.

"Maman, mvua inakuja? Kuko giza."

Jua lilikuwa limelala mezani, juu ya mikono yake.

"Hapana, Professeur. Jua iko."

Alilifunga daftari, akalipapasa jalada. "Basi. Imeisha. Hakuna mutu wa kuisoma."

Nikalivuta daftari, nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nya... n... ge... ji..." Nikashtuka. "Nyangezi! Professeur, ni kwetu!"

"Endelea," akasema.

Nikaendelea, bila kuelewa neno lingine hata moja. Mimi nilisoma, yeye alielewa, akanisahihisha, nikapiga. Mahali fulani alicheka mpaka akatafuta leso. Tulilimaliza daftari, ndipo akarudi kwao.

Sasa nimestaafu, na gumba limezidi uzito. Lakini Jumapili baada ya misa simu inalia. "Kasinge, Maman," Profesa ananisalimia kwa lugha ya kwetu. "Soma." Ninafungua nakala yangu ya daftari la Nyangezi, ninasoma pole pole, naye ananingoja. Nikifika mahali pale, anacheka. Miaka yote sikuuliza, daktilo haulizi. Juzi ulimi ulinitoroka.

"Professeur, hapo kuna nini?"

"Kuko maman moja," akasema. "Alizania naiba majani ya maboga yake. Alinifukuza na mwiko mpaka barabarani. Alikuwa anafukuza hata katekista, batu walisema."

Nikaiweka nakala mapajani. Nyangezi nzima, aliyemfukuza katekista na mwiko alikuwa mmoja, na nilimzika mimi mwenyewe. Kumbe Jumapili zote hizi mama yangu alikuwa kinywani mwangu, na mimi sijui.

"Maman? Uko?"

"Niko, Professeur. Ningoje kidogo. Nianze tena pale mwanzo."