Treni Iliyongoja Mpunga

Nilikuwa nimeketi uani napepeta mchele nilipomsikia binti yangu akimdanganya mtu kwa simu. Alikuwa amesimama karibu nami kabisa, sahani ya wali na sombe ya majani ya mihogo mkononi, wali wa mpunga mpya wa Kibombo, mdomo umejaa, akasema kwa Kilingala: "Nazali na Goma." Yaani yuko Goma. Niligeuka nikatazama nyuma yangu, labda Goma ilikuwa imeingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi.

"Goma ya wapi hii?" nikamuuliza alipokata simu.

"Mama, acha tu."

"Siachi. Umesimama Kindu, unakula ya Kindu, na unasema Goma?"

Aliitazama sahani yake. "Kule Kinshasa ukisema unatoka Maniema, wanacheka. Wanakuuliza kama kwenu kuko barabara, kama kuko kuran ya kuwasha taa. Wanasema njo mwisho wa dunia. Kwenye inivasité kwenye ninasomaka, wote wananijuaka miye ni mutoto wa Goma."

Ungo ulinitoka mikononi. Sipambi maneno, ulianguka kweli, mchele ukamwagika na kuku wakajikaribisha. Nimeona vita vikiingia mji huu na kutoka, na nilidhani mshtuko nimeumaliza. Kumbe ulikuwa umebaki huu, wa mtoto wa tumbo langu kuikana Maniema huku anatafuna wali wake. Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kulia, nikaishia kupiga magoti na kuokota mchele kabla kuku hawajaumaliza.

Mimi ni mtu wa majivuno, nikiri mapema. Sisi watu wa Maniema tuna vituko vyetu na tunavipenda. Mtu wetu anaweza kushinda anakula mihogo, ndizi, samaki, na bukari, ule ugali wetu, wa kushibisha ukoo mzima, lakini jioni ukimuuliza atakwambia hajala, kwa kuwa hajauona mchele. Kiswahili chetu kikisikika Bukavu, watu hunyoosha shingo na kusema tunaongea kama vitabu, nasi hatubishi. Mchele na Kiswahili vililetwa na watu waliotoka pwani zamani, na minyororo ililetwa nao pia. Babu zetu waliofungwa minyororo hiyo ndio waliotuachia mchele na lugha, na sioni haya kujivunia walichokiokoa. Mji wetu wa Kindu umekatwa na mto usio na daraja, na mtu akivuka kwenda ng'ambo ya Alunguli asubuhi huaga kana kwamba anahama. Baba yangu alikuwa Mkatoliki, mama yangu ni Mwislamu, na sisi watoto tulikula Noeli na Idi bila mtu kutuhoji. Tena tuna treni ambayo hakuna anayeuliza inakuja saa ngapi. Watu huuliza mwezi gani.

Kwa ajili ya treni hiyo nilimkalisha binti yangu kwenye kigoda, nikamwambia simu aiweke chini. Nilikuwa sijawahi kumsimulia. Nilidhani anajua, kama vile mtu anavyodhani mwanawe anajua njia ya mtoni.

Baba yangu alikuwa mgeuza njia pale stesheni. Kazi yake ilikuwa kuvuta mtaimbo wa chuma unaoihamisha treni kutoka reli moja hadi nyingine, na kusimama na bendera mbili: ya kijani treni ipite, nyekundu isimame. Vita vilipokuja, treni haikurudi tena kutoka kusini. Wenzake wakaanza kusukuma baiskeli, wengine wakavuka mto, wengine hatukuwaona tena. Baba yeye alivaa kofia yake kila asubuhi akaenda kazini. Alifagia. Aling'oa majani kati ya reli, jani kwa jani. Grisi ilipokwisha alichukua mawese jikoni akaupaka ule mtaimbo, na mama alipoikuta chupa imepungua tulidhani paa litaruka. Sisi tulikula mchicha wa lengalenga chukuchuku, chuma kikala mafuta.

Halafu mji ukazungukwa na wapiganaji. Mashamba yetu yalikuwa nje, na nje hakukuendeka. Jirani yetu wa mlango wa pili alisema heri afe shambani kuliko kuwasikia watoto wakilia, akachukua kikapu chake alfajiri, na hakurudi. Kikapu kilirudi, kimebebwa na mtu ambaye hakutaka kuingia ndani. Nilikuwa msichana mwenye akili zangu, na tangu siku ile nikiona kikapu kitupu mlangoni mwa mtu hupita upande wa pili wa barabara.

Wanawake wakaanza kulima mjini. Walilima mbele ya nyumba, kando ya barabara, nyuma ya shule. Siku moja baba alirudi kutoka kazini uso umembadilika rangi, akimshika mama mkono, na mama ana jembe. Alikuwa amemkuta kati ya reli, amechuchumaa, anapanda mpunga.

"Mama ya watoto," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kwa mshtuko, "unapanda kwenye njia ya treni?"

"Umenilimia mwenyewe," mama alimjibu. "Majani yote umeng'oa. Udongo iko safi. Niuache?"

"Na treni ikikuja?"

"Ikikuja nitaipikia."

Nilicheka, nikanyamaza haraka, maana baba hakuona mzaha. Kwake ilikuwa sawa na kumkuta mtu anafua nguo kwenye altare. Hakula usiku ule, na wala hakukuwa na kitu cha kususia. Asubuhi alivaa kofia yake, akamwambia mama maneno machache: mihogo hapana, kwa sababu mizizi yake huinua kokoto. Mboga sawa, mpunga sawa, vitu vinavyoondoka upesi. Mama alikubali kabla hajamaliza.

Basi wanawake wote wa mtaa wakafuata. Kila mmoja alipewa vipande vyake, toka taruma moja la chuma linalolazwa chini ya reli hadi jingine, na hadi leo wamama wazee wa Kindu wakigombana utasikia mmoja akimwuliza mwenzake ana mataruma mangapi hapa mjini hata ajidai hivyo. Baba ndiye aliyegawa. Alipita kila siku na bendera zake kwapani, akiwakemea waliorundika mawe juu ya chuma. Mpunga ule ulitulisha. Ulikuwa mdogo, mgumu, una ladha kidogo ya kutu, na sijala wali mtamu kuliko ule.

Vita vilipopoa, habari zikaja kwamba watu wenye mapanga na jeki wanaisafisha njia kutoka kusini, na treni inakuja nyuma yao polepole. Wakasema iko Kibombo, kusini yetu. Wakasema imekwama. Wakasema itafika wiki ijayo. Mpunga ulikuwa umeiva kwenye reli, wa kuvunwa siku zile zile. Mama alisema ukae kidogo ukauke vizuri, kwa kuwa wiki ijayo bado iko mbali.

Asubuhi iliyofuata tukasikia honi.

Nisikieni, mji mzima ulipiga yowe. Watu walitoka na sabuni masikioni. Kina mama walilia, wazee walilia, kuna mtu alikuja anakimbia ameshika kiatu kimoja. Wakubwa wa mji walikimbilia stesheni na suti zao, na ngoma zikaanza. Tuliiona kwenye kona, nyeusi, inatambaa. Nikamwona baba yangu, amepiga pasi kofia, anatembea katikati ya reli kuielekea, bendera zimekunjwa mkononi. Miaka yote ile alikuwa akiingoja saa hii. Nilijua atainua ya kijani na nikaanza kulia kabla.

Akakunjua nyekundu.

Ngoma zilikufa moja moja. Breki zililia, treni ikasimama mbele yake, na dereva akashuka ameishika kofia yake, macho yamemtoka.

"Mzee, iko nini? Njia imekatika?"

"Njia iko muzuri," baba alisema. "Ungojee kwanza. Wamama wavune."

Sikuamini masikio yangu. Hakuna aliyeamini. Mama mwenyewe, mbishi kuliko wote, alisimama na kisu chake kidogo cha kukatia masuke, mdomo wazi. Mkubwa mmoja alikuja mbio akifoka, akimwuliza baba kama amerukwa na akili, kama anajua nani anamngoja nani. Baba hakumtazama. Alikuwa anamtazama dereva, na bendera haikushuka. Yeye aliyeiwekea treni ile mafuta ya watoto wake, sasa anaisimamisha kwa ajili ya mpunga.

Dereva aliangalia chini. Nadhani ndipo alipoona kwamba yale si majani. Kati ya reli, kutoka magurudumu yake hadi stesheni, kulikuwa na chakula.

"Sawa," alisema. "Wavune."

Wanawake wakainama. Suke kwa suke, taruma kwa taruma, na wasafishaji wa njia nao wakaweka mapanga chini wakaja kusaidia. Kila walipomaliza kipande, baba alirudi nyuma hatua, na treni ikasogea kidogo, ikapumua, ikasimama. Hivyo ndivyo ilivyoingia Kindu baada ya vita: nyuma ya wamama wanaovuna. Jua lilikuwa limetuchoma vichwa ilipofika, na wakubwa walikuwa wamevua makoti.

Mama alikimbia nyumbani. Mchele wa msimu uliotangulia alikuwa nao kidogo, akaupika wote, akaja nao na maji ya kunawa. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajala, na hapo ndipo nilipoijua desturi hiyo ni nzito kiasi gani. Watu mia na mia walikuwa na ndugu huko kusini, wasiojua yupi hai yupi maiti. Dereva alijua mengi. Alifungua mdomo aseme, na mama akamzuia kwa mkono: "Kula kwanza, mwanangu." Tukasimama tukimwangalia anakula, umati wote, kimya, kila mtu na jina moja kooni. Nilishangaa kwamba binadamu wanaweza kuvumilia hivyo. Aliponawa mikono, ndipo maswali yakamwangukia yote pamoja.

"Hiyo njo ya kweli?" binti yangu aliniuliza.

"Mulize koko yako," nilimwambia. Ndivyo anavyomwita nyanya yake.

Baba yetu alikwisha kufariki. Mama bado anaishi karibu na stesheni, na bado anapanda, ingawa sasa ni kwenye reli moja ya pembeni ambayo haitumiki. Tulimkuta huko kesho yake, amefunga kitenge kiunoni. Macho yake hayaoni vizuri tena, mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Alimkumbatia mjukuu wake, kisha akamwuliza swali ambalo nilikuwa naomba Mungu asiulize.

"Kule Kinshasa, wakikuuliza kwenu ni wapi, unawaambiaka nini?"

Mwanamke huyu aliulinda mpunga na vita vikiwa vimeuzunguka mji, na mimi nimemletea mtoto wa Goma. Nilimwangalia binti yangu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama masuke kati ya mataruma, kutu, kokoto zilizopangwa pembeni jinsi baba alivyotaka zipangwe.

Simu yake ikalia. Nilitamani kuitupa mtoni. Akaipokea, ya kuonana nyuso, na nikaona kwenye kioo msichana wa rika lake, amesuka nywele nyekundu, anamuuliza kwa Kilingala yuko wapi na lile rundo la majani ni nini.

"Nazali na Kindu," binti yangu alisema. "Epai na biso."

Kwetu. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya reli.

Yule msichana akaanza kucheka na kuuliza: Kindu? Si alisema Goma? Kindu ndiyo nini? Mama yangu hajui Kilingala, lakini jina la mji wake alilisikia, na kicheko alikisikia pia. Akasogea hadi uso wake wote ukajaa kwenye kioo.

"Huyu nani anacheka?"

"Ni rafiki yangu, koko. Anauliza Kindu ni nini."

"Mwambie akuje," mama alisema. "Nitamupikia."